Mkate wa Ndizi Zilizokosa Mnunuzi

Pale kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, bei hufuata rangi ya ganda. Malori ya kutoka Tukuyu, Moshi na Morogoro hushusha mikungu ya kijani. Mingine huenda kwa wapika mtori na wauza ndizi za kukaanga, mingine huvundikwa hadi iive. Chane lililogeuka manjano safi ndilo linalowekwa mbele ya meza. Likianza kutoka madoa husogezwa kando, na likishakuwa jeusi nusu yake, mwenye meza hata halitaji bei.

"Hizo za mwisho mwisho, dada? Zibebe zote, nipe chochote," huniambia jioni anapofungasha. "Unafuga mbuzi?"

"Naoka mkate, mama."

Basi huinama chini ya meza na kunitolea nyingine alizokuwa amezificha, nyeusi zaidi, na mimi huzipokea kwa furaha ya kweli.

Nataka kuusifu mkate huo, na zaidi ya mkate, ufundi wa kuuoka. Watu huudharau kwa kuwa hauna siri: ndizi, unga wa ngano, mayai, sukari, mafuta, chumvi na bekingi soda. Haukandwi, hauwekwi hamira, hausubiriwi uumuke. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuuchanganya. Lakini nimekula mikate ya ndizi iliyopikwa kwa vipimo vilevile, mmoja ukawa laini wenye harufu inayobaki kinywani muda mrefu, mwingine ukawa tope ndani na gumu juu. Vipimo havikutofautiana. Tofauti ilikuwa kwa mpishi, kama alijua pa kuachia. Ufundi wa mkate huu karibu wote umo katika kuacha: kuacha ndizi ziendelee, kuacha kukoroga, kuacha mfuniko ulivyo. Ni kazi ya mkono unaojizuia, na mkono wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma karatasi ya mapishi.

Wengi hukosa subira mapema, kwenye ndizi yenyewe. Ndizi ya kula mbivu, ikiwa bado kijani, zaidi ya sehemu moja kati ya tano ya nyama yake ni wanga. Inapoiva, vimeng'enya vyake huukatakata wanga huo kuwa sukari, hadi unabaki asilimia 1 au 2 tu, huku sukari ikipanda kufikia kama asilimia 20. Wakati huohuo pektini inayoshikilia kuta za seli inalegea, ndiyo maana nyama inapondeka kwa kidole. Ukakasi unaobana ulimi kwenye ndizi changa unatoweka. Harufu inazaliwa, kwa sehemu kubwa kutokana na kemikali iitwayo isoamili asetati, na inakolea siku hadi siku. Yale manjano safi yanayopendwa sokoni ni katikati ya safari. Madoa ya kahawia yanapotokea ndipo wanga wa mwisho unapokwisha na harufu inapofika ukomo wake. Ukioka kwa ndizi za manjano safi utapata mkate wa sukari ambao ndani yake mna ndizi. Mkate wa ndizi hasa unataka ndizi iliyokwisha kufanya kazi yake yote.

Watu wa migombani waliyajua haya kabla maabara hazijayasema. Kuvundika ndizi ni kuchimba shimo, kulitandika majani makavu ya mgomba, kupanga machane, kupenyeza moshi, kisha kufukia na kuacha siku chache. Moshi una ethileni, gesi ambayo hata kwa kiasi kidogo mno huamsha uivaji. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba tunda linaloiva hutoa gesi hiyo lenyewe, na ndiyo sababu ndizi moja iliyotangulia huzivuta nyingine. Anayengoja ndizi zake mjini hahitaji shimo. Azifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na moja iliyoiva sana, au na parachichi bivu, na baada ya siku mbili tatu ataona tofauti.

Asichotakiwa kufanya ni kuzitia kwenye friji zikiwa bado hazijaiva. Chini ya kama nyuzijoto 13 ganda hugeuka jeusi upesi lakini ndani uivaji umesimama; wanga umebaki wanga. Ndiyo maana ndizi zinazosafirishwa kwa meli huwekwa kwenye nyuzi 13 hadi 14 na si chini ya hapo. Ganda jeusi la friji ni rangi tupu. Ndizi ikishaiva kikamilifu, hapo baridi haina madhara kwa mkate, na friza inaweza hata kusaidia: maji ya ndani yakiganda hupasua kuta za seli, na ndizi ikiyeyuka hutoa maji matamu mengi. Usiyamwage. Yachemshe kwenye kisufuria hadi yapungue nusu na kuwa mazito, uyarudishe kwenye ndizi zilizopondwa. Mkate unapata ndizi nyingi zaidi bila kulowa.

Kuna mpaka, na mpishi mwaminifu hauruki. Ndizi iliyoiva sana na ndizi iliyooza si kitu kimoja. Imenye moja uitazame kwa karibu. Iliyoiva sana ina ganda jembamba linalotoka bila kuvutwa, limenata kidogo mkononi. Nyama yake imekolea manjano na pembeni inang'aa kama imepakwa maji, na ule mstari wa vijimbegu katikati umekuwa wa kahawia. Ukiinusa, harufu ni nzito na tamu. Iliyooza hutoa maji meusi kwenye kikonyo, ina utando mweupe wa ukungu penye ufa, na harufu yake ina ukali wa siki. Hiyo ipeleke kwenye mboji. Kuokoa chakula ni jambo jema, lakini kuwalisha watu ukungu hakumwokoi mtu.

Kwa mkate, mimi ni mtu wa kisukari. Ni ndizi fupi, ganda lake ni jembamba kuliko la nyingine, na utamu wake una uchachu mdogo unaouzuia mkate usichoshe. Zinahitajika saba au nane badala ya tatu nne za zile ndefu, na kuzimenya ni kazi, ila ukishaonja mkate wake hutalalamika. Ndizi ndefu za kula mbivu, mtwike au malindi kutegemea uko wapi, hutoa mkate mpole, laini, wa kuwafaa watoto. Mzuzu ulioiva hadi ganda kuwa jeusi lote una ladha nzito kuliko zote, lakini hata ukiiva hivyo hubaki na wanga mwingi, kwa hiyo unataka mafuta zaidi kidogo na kijiko kimoja viwili vya tui. Za kupika kama za Bukoba naziacha zibaki kwenye sufuria ya matoke.

Na ule uchachu una kazi nyingine. Bekingi soda ikikutana na asidi na unyevu hutoa hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Ndizi ina asidi ya kutosha kuianzisha kazi hiyo. Kwa vikombe viwili vya unga, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha. Ikizidi, ile isiyopata asidi inabaki mle mle, mkate unakuwa mweusi na kuacha ladha ya sabuni ulimini, ladha anayoijua kila aliyewahi kula maharage yaliyozidishwa magadi. Nisisitize hapa, maana nimeulizwa mara nyingi: magadi ya kulainishia maharage, yale mawe yatokayo kwenye maziwa ya chumvi kama Magadi na Natron, si mbadala wa bekingi soda. Hayo yana kabonati iliyochanganyika na bikabonati, nayo ni makali kupita kinachohitajika na mkate.

Ndizi iliyoiva kupita kiasi haijawahi kukosa kazi katika nchi hizi. Wachaga huzichemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu, kisha hutengeneza mbege pamoja na kimea cha ulezi. Kagera hukamuliwa juisi ya kutengenezea rubisi. Uganda huzipondaponda na kuzichanganya na unga wa muhogo, wakazikaanga zikawa kabalagala, chakula ambacho ningekila kila siku ningeishi jirani na anayekikaanga. Mkate wa ndizi ni mgeni aliyekuta nyumba ina wenyewe.

Ulizaliwa, kwa umbo tunalolijua, katika majiko ya Marekani. Huko ndizi ilikuwa kitu kigeni hadi karne ya 19 ikielekea ukingoni. Kampuni ya United Fruit iliyoundwa mwaka 1899, pamoja na meli zake za ubaridi, ndiyo iliyoifanya kuwa tunda la kila duka. Kisha ukaja mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929, wakati ambapo hakuna mama wa nyumbani aliyetaka kutupa tunda alilolinunua, na bekingi soda ilikuwa tayari kwenye kila kabati. Mapishi ya mkate wa ndizi yakaanza kuonekana vitabuni; kampuni ya unga ya Pillsbury iliyaweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1933. Mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, waliurudia mkate huo kwa kishindo.

Katika historia hiyo kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Ndizi waliyookea Wamarekani miaka ya 1930 ilikuwa Gros Michel. Baadaye ugonjwa wa Panama uliteketeza mashamba yake, na kufikia miaka ya 1960 Cavendish ilikuwa imechukua nafasi yake sokoni. Watafiti wa nasaba za migomba wamebaini kwamba zote mbili zina mzazi wa pamoja ambaye ndugu zake wa karibu kabisa wanaojulikana leo ni migomba ya kundi la Mlali, inayokuzwa Komoro, na kwamba kundi hilo lina udugu na mchare wa Kilimanjaro. Asili ya migomba yote hiyo ni Asia ya Kusini-mashariki, ikavuka bahari pamoja na watu. Lakini mkate uliookwa Boston na mkate ninaouoka mimi ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo umepita kwenye bahari yetu.

Aliyenifundisha ni shangazi yangu wa Pangani, ambaye hakuwahi kumiliki oveni. Mapishi aliyapata alipokuwa akipika kwenye hosteli ya wanafunzi Tanga mjini, yameandikwa kwenye karatasi ya daftari: oveni, nyuzijoto 180, saa moja. Karatasi haikumtisha. Yeye alikuwa mpishi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, iliki na hamira, unaomiminwa kwenye sufuria na kuokwa kwa moto wa chini na wa juu. Kila Ramadhani watu walikuwa wakimwagizia. Kupalia makaa alikujua tangu utotoni. Alichofanya ni kuchukua vipimo vya ugenini na kuvipeleka kwenye moto alioujua.

Ndizi alizimenya zote bakulini na kuziponda kwa uma. Mashine hakutaka hata isogezwe, kwa sababu alitaka mabonge machache yabaki, yale ambayo baadaye hukutana na jino. Akaongeza sukari nusu kikombe, mayai mawili, samli nusu kikombe iliyoyeyushwa na kupoa. Kwenye bakuli la pili palikuwa na unga vikombe viwili, soda, chumvi nusu kijiko cha chai na iliki aliyoitwanga papo hapo. Kisha akamimina unga wote kwa mara moja, akazamisha mwiko hadi chini, akauinua, akazungusha bakuli robo, akarudia. Alinipa mwiko nimalizie. Mistari ya unga mweupe ilikuwa bado inaonekana.

"Shangazi, bado haujachanganyika."

"Geuza mara mbili, halafu weka mwiko chini, mwanangu."

"Na hayo mabonge?"

"Yaache. Weka mwiko chini."

Hapa ndipo mkate huu unapowashinda watu wenye bidii. Unga wa ngano una protini ambazo, zikilowa na kusuguliwa, huungana na kufanya nyuzi za gluteni. Kwenye mkate wa hamira nyuzi hizo ndizo tunazozitafuta, tunakanda hadi mikono iume. Kwenye mkate wa ndizi nyuzi hizo ni adui: zikizidi, mkate unakuwa mgumu, unavutika, na ndani hutokea mashimo marefu yanayopanda juu. Tena hewa ukaa inaanza kutoka mara soda inapolowa, kwa hiyo kila dakika ya kukoroga ni hewa inayopotea. Unga ukishalowa, kazi ya mwiko imekwisha. Mchanganyiko ulio sawa hudondoka kijikoni kwa mabonge kama uji mzito uliopikwa haraka, na mpishi aliyezoea kukoroga ugali hadi utii huona aibu kuuacha hivyo. Aushinde moyo wake auache.

Sufuria kubwa ilikuwa imeshatangulia motoni. Chini aliitandika mchanga mkavu uliochekechwa, unene wa vidole viwili, akaifunika hadi mchanga ushike joto, kwa kuwa mchanga hulipokea joto polepole na kulitoa sawasawa. Sufuria ndogo ya kuokea aliipaka samli, kisha akaitandika jani la mgomba alilolipitisha juu ya makaa hadi likalegea na kubadilika kuwa la kijani iliyokoza. Jani hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, na mimi sijapata karatasi ya kuokea inayolifikia: mkate haushiki, na ukingo wake unapata harufu ya moshi na majani mabichi ambayo hakuna kiungo kingine kinachoweza kuitoa.

Alipoishusha sufuria ndogo juu ya mchanga, alipunguza makaa ya chini na kuyafunika majivu. Juu akaweka bati, na juu ya bati akapalia makaa mengi zaidi, akiyapanga kwenye mzingo na kuacha katikati machache. Nilimuuliza kwa nini juu kuwe na moto mkubwa kuliko chini. Akaniambia chini moto unapanda wenyewe, juu lazima usaidiwe. Na sukari ya ndizi iko karibu na chini, ikiungua imeungua. Alipima kwa kiganja, akikishikilia juu ya bati na kuhesabu kimyakimya, na hesabu ikiwa fupi mno alilirudisha kaa moja jikoni kwa koleo. Ile rangi ya kahawia ya ganda la juu, pamoja na harufu inayoandamana nayo, hutoka kwa sukari na protini zinapokutana kwenye joto kali. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyaeleza mabadiliko hayo mwaka 1912, na jina lake limebaki kwenye kila jiko linalookea kitu. Bila moto wa juu mkate huiva, lakini huiva mweupe, na nusu ya ladha haipo.

Kisha ni kungoja. Dakika arobaini za kwanza shangazi hakuruhusu bati liguswe. Katika muda huo mapovu ya hewa yanapanuka, na wanga na mayai ya kuyashikilia bado hayajaimarika. Hewa baridi ikiingia, katikati panaporomoka na hapainuki tena. Kwenye jiko la mkaa kuna sababu nyingine iliyo wazi zaidi: kila kufunua ni nafasi ya majivu kuanguka ndani. Kwa hiyo aliamini pua. Kwanza hutoka harufu ya ndizi iliyopashwa moto, nyepesi. Baadaye huja ya samli na iliki. Mwisho kabisa huja ile ya sukari iliyoanza kuwa kahawia, na hapo ndipo alipochukua koleo, akaliinua bati kwa kuliinamisha upande wa nje, akachoma mkate kwa ujiti wa chelewa. Alichoma mahali pawili, kwa sababu bonge la ndizi humdanganya mtu: ujiti ukilipitia hutoka umelowa hata kama mkate umeiva. Ukitoka na chembe chache zenye unyevu, umeiva. Ukitoka na uji, dakika kumi nyingine. Ufa uliopasuka juu katikati usimtie mtu wasiwasi; ganda la juu hukauka kabla ya moyo wa mkate kumaliza kupanda, na moyo hutafuta njia.

Mwenye oveni atafanya haya yote kwa nyuzijoto 175 hadi 180 kwa muda wa saa moja hivi, na akiwa na kipimajoto cha kuchomeka, katikati pasomeke karibu 95. Simdharau. Mkaa unakula fedha na moshi unaumiza macho. Ila oveni nyingi za nyumbani zina pembe inayounguza, na mwenye kuitumia lazima aijue tabia yake kama shangazi alivyoijua ya makaa.

Kungoja kwa mwisho ndiko kugumu, kwa kuwa nyumba nzima sasa imesikia harufu. Mkate ukae dakika kumi kwenye sufuria yake, utolewe, uwekwe juu ya ungo upitiwe na hewa hadi upoe. Ukiukata ukiwa moto, mvuke uliokuwa ulainishe kila sehemu unatoka wote kwa mara moja, na wanga ambao haujakaza unashikana na kisu na kuwa ugali. Shangazi alikuwa na dawa ya watoto waliomzunguka: aliwatuma dukani kuleta majani ya chai na sukari, duka la mbali, na waliporudi maji yalikuwa yanachemka na mkate unakatika.

Juu ya vya kuongeza nina maoni machache. Korosho, ndiyo, zikaangwe kavu kwanza na kukatwa vipande vikubwa. Zinastahili zaidi kuliko lozi za kuagiza. Mdalasini kidogo, sawa. Karafuu hapana, inameza ndizi. Zabibu kavu sizitaki, kwa kuwa ni utamu juu ya utamu. Na sukari ipunguzwe kila ndizi zinapozidi kuwa nyeusi. Mapishi mengi ya ugenini yanaweka kikombe kizima, kipimo kinachofaa labda kwa ndizi za manjano safi.

Siku ya pili mkate huu ni bora kuliko siku ya kwanza. Unyevu umesambaa kutoka katikati hadi ukingoni, ganda limelainika, iliki imetulia. Kipande kikikaushwa kwenye kikaango kwa samli kidogo, pande zote mbili, na chai ya rangi yenye tangawizi pembeni, sioni kifungua kinywa cha kukishinda.

Ninachokihuzunikia ni kile kinachouzwa kwa jina hilo madukani. Tanuri la biashara lina ratiba, na ndizi haina. Mkate lazima uwe rafuni kila alfajiri, kwa hiyo hutumika ndizi za hatua yoyote ile, au ndizi kidogo sana, na pengo huzibwa kwa arki. Arki ya ndizi mara nyingi ni ile isoamili asetati peke yake, sauti moja iliyotolewa katika kwaya nzima. Unainusa kwa nguvu, ukitafuna haipo. Simlaumu mwokaji. Hawezi kuwaambia wenye maduka wangoje.

Anayeweza ni jirani yangu, ambaye huoka nyumbani na kuuza kwa vipande kwenye ofisi za mtaani. Amekubaliana na muuza matunda mmoja amwekee kila chane lililokosa mnunuzi, naye huyapanga kwenye vikapu vitatu jikoni kwake kufuata kiwango cha kuiva, akiyahamisha kutoka kikapu hadi kikapu kila asubuhi kwa kuyagusa tu. Kikapu cha tatu kikijaa, anawasha jiko. Wiki ambayo hakijajaa, anawatumia wateja ujumbe kwamba wiki hii hakuna mkate, na anawatajia siku anayodhani ndizi zitakuwa tayari. Mwanzoni baadhi yao walinung'unika. Siku hizi ujumbe huo ukitoka huanza kuagiza kabla hajagusa unga, na wiki iliyopita, nilipopita kwake, oda zilizoandikwa ukutani kwa chaki zilikuwa nyingi kuliko ndizi za vikapu vyote vitatu.